Skonzi za Moto za Jasper

Mzee Mokua wa Kebirigo hakuwahi kula skonzi za mwanawe zikiwa moto, na si kwa kukosa kualikwa. Alialikwa mpaka mwaliko ukachosha. Jasper alikuwa mpishi katika hoteli moja mjini Kisii, na kila Jumapili akiwa nyumbani alikaanga steki, akaijaza kwenye skonzi ndogo pamoja na jibini, kisha akamfuata babake.

"Baba, leo ingia jikoni kwangu. Hizi zinaliwa hapo hapo."

"Tangu lini baba akaingia nyumba ya mwanawe aliyeoa? Unataka watu waseme nimerukwa na akili?"

Ndivyo ilivyo kwa Abagusii. Ukishaoa, babako havuki kizingiti chako, hata mvua imnyeshee. Basi Jasper alizifunika kwa sahani, akapanda nazo kilima katikati ya majani chai. Zikifika kwa mzee, jibini imeshakuwa raba. Mzee hutafuna wee, kisha hucheka, "Yaani hii ndiyo wanakulipia mshahara?" Jasper naye hucheka, lakini Linet, mkewe, alijua inamuuma. "Siku moja atakula moto," Jasper alimwambia. "Mara moja tu, aone kazi yangu."

Siku hiyo haikufika. Mwezi wa tatu lori liliacha njia kule Keroka, likamkuta Jasper kando ya barabara akinunua ndizi. Walimzika mbele ya nyumba yake mwenyewe. Tangu hapo mzee hushuka kila Jumapili baada ya kanisa, akakaa kwenye kigoda karibu na kaburi.

Jumapili hii Linet aliamka na jambo moja tu moyoni: mzee ale moto, amjue mwanawe, hata kama amechelewa. Alikuwa amenunua jibini mjini. Akaikata nyama nyembamba kama Jasper alivyomfundisha, akatia chumvi na pilipili manga, akakata vitunguu na hoho. Skonzi alizipasua katikati, akazipaka siagi. Akashika kiberiti, kisha akachungulia nje. Mzee alikuwa ameshakaa, na upepo ulikuwa mkali. Zitapoa tena, aliwaza, na hasira ikampanda. Zipoe tena, hata leo?

Akaushika mtungi wa gesi, ule mdogo wenye meko juu, akautoa nje na kuutua hatua tatu kutoka kwa mzee.

Mzee akimkodolea macho, akaleta sufuria, nyama na skonzi, akawasha moto. Sufuria ikapata moto, nyama ikalia. Linet akatandaza jibini juu yake, akafunika kidogo mpaka ikayeyuka, akajaza skonzi moja na kumpa kwa mikono miwili, macho chini.

"Chukua, Baba. Ni ya Jasper."

Mzee akauma. Jibini ikavutika mpaka kidevuni. Akatafuna polepole, akaacha, akatafuna tena.

"Kumbe alikuwa anajua kupika," alisema. "Kumbe mtoto wangu alikuwa anajua hivi!"

Kisha akautazama ule mtungi.

"Ni mzito?"

"Hapana, Baba. Ninaubeba peke yangu."

"Mmekuwa nao tangu lini?"

"Tangu anioe. Mwaka wa nne sasa."

"Miaka minne," mzee alisema, na sauti ikamkatika. "Miaka minne tunabishana juu ya mlango, na hakuna aliyefikiria kutoa meko nje."

Linet alitaka kumwambia si kosa lake peke yake, kwamba hata yeye hakufikiria, wala Jasper mwenyewe, na akili zake zote zile. Badala yake akatia nyama nyingine sufuriani. Mzee aliimaliza ile skonzi akilia waziwazi, kisha akanyoosha mkono.

"Nipe nyingine, mwanangu," alisema, "kabla haijapoa."