Paa la Gari la Mkunga

Nilijua kuna jambo siku mume wangu alipoanza kuomba chai nusu kikombe. Mtu ambaye tangu tuoane, chai isipofika ukingoni huuliza kama birika limetoboka! Nikamwambia, "Kwani leo umefunga mkataba na sukari?" Akacheka, akasema daktari kamwambia apunguze. Daktari gani? Mume wangu akiona zahanati huvuka barabara. Lakini nikanyamaza, na mimi kunyamaza si kawaida yangu, waulizeni majirani.

Sisi ni mafundi bodi. Gereji ni yetu wote wawili, ipo uani, ukitoka jikoni unakanyaga misumari. Yeye hupiga nyundo nje ya bati, mimi naingia ndani ya gari na kushika chuma kizito kwa chini, palepale nyundo inapotua, ili bati libanwe katikati na kunyooka. Hatuonani. Yeye juu, mimi chini, bati katikati yetu, na kwa kazi hiyo tumesomesha watoto wote. Niletee mafundi wa mji mzima wapige mmojammoja, nitakuambia ni yupi baba watoto, maana mapigo yake nimeyapokea viganjani tangu ujana wangu.

Gari lenyewe lilikuwa la mkunga mstaafu, mama mwembamba mwenye sauti ya kuamrisha, gari la zamani la mviringomviringo kama mkate. Aliliendesha usiku na mchana kuwafuata wajawazito majumbani, na nusu ya watu wa mtaa wetu walifika duniani gari hilo likiwa limeegeshwa nje. Sasa paa lilikuwa limeoza. Kwa juu lilionekana zima, lakini nilipovua kitambaa cha ndani nikakuta kutu imekula hadi basi, na fundi fulani asiye na haya ameziba matundu kwa puti, ule uji wa kujazia mabonde kabla ya rangi, tabaka juu ya tabaka. Nilimtukana fundi huyo hata simjui, nikamalizia na aliyemfundisha.

"Mvua ikinyesha naendesha huku nimefungua mwavuli," mkunga alituambia. "Nataka paa la bati, si la uji. Na mumeo alifanye mwenyewe. Mkono wake naujua."

Baba watoto aliuingiza mkono wa kulia mfukoni.

Paa lingine tulilipata kwenye yadi ya skrepa, juu ya gari la aina ileile lililogongwa mbele. Wale jamaa wa pale walilikata kama wanagawana nyama, ukingo wa nyuma, juu ya kioo, ukabaki mfupi. Ilibidi tuunge kipande cha bati upana mzima. Muuza skrepa alituapia kwamba tukitaka lingine tutazeeka tunatafuta. Nikamwambia tumeshazeeka, atupunguzie bei.

Kabla ya kuling'oa la zamani tulichomelea mabomba ndani ya gari, kutoka mlango hadi mlango, kwa sababu gari likivuliwa paa hulegea, na likishalegea milango haifungi tena. Mkunga alipopita kutazama akasema, "Loo, mmeliwekea plasta kabisa, maskini." Tukacheka wote. Baba watoto alicheka mikono ikiwa nyuma.

Nilimfuma siku tunajaribisha paa jipya. Alikuwa anaingiza nati ndogo kwenye kibano, ikamponyoka. Akaiokota, ikamponyoka tena. Mara ya tatu nikauona mkono. Ulikuwa unatetemeka peke yake, kama si wake, naye anautazama kama mtu anayemtazama mgeni asiyejua kaingiaje ndani.

"Tangu lini?" nikauliza.

"Uchovu tu."

"Nimekuuliza tangu lini!" Sauti ilipanda, najua. Hasira yangu ina miguu mirefu kuliko akili yangu.

Akakaa juu ya tairi. "Tangu kabla ya mvua. Nilidhani utetemeko utaondoka wenyewe." Kisha akaniambia bila kuniangalia, "Hili paa nitalimaliza. Nimemuahidi yule mama. Likinishinda, nafunga gereji, naenda kukaa."

Kukaa! Namjua mume wangu. Huyu ni mtu ambaye siku ya mapumziko hutia mafuta bawaba za milango ambayo haijalalamika. Mweke kwenye kiti barazani, mpe redio na mto wa mgongoni, na sitampata tena. Atakuwepo, atakula, ataitikia salamu, lakini yule niliyeolewa naye atakuwa amekwisha. Niliogopa. Sijui niseme vipi zaidi ya hivyo, niliogopa sana.

"Basi ngoja nikirudi tuunge pamoja," nikamwambia. Nilikuwa naenda kutafuta kitambaa cha dari, kile cha mkunga kilikuwa kimeshaoza kwa maji.

Hakungoja. Niliporudi, nimejitwisha kitambaa begani, harufu ya moto ilinipokea getini. Nikaingia uani, nikaona mshono. Ulikuwa mstari mmoja, kutoka kushoto hadi kulia, haukukatika popote.

Ngoja nieleze, maana asiyeijua kazi hii hawezi kuona ubaya wake. Bati la paa ni jembamba. Ukilichomelea kwa mfululizo linapata moto kupita kiasi, mshono unajikunja na kulivuta bati zima. Kwa hiyo unadonoa tu: nukta huku, nukta kule, unaacha lipoe, unarudi. Baba watoto ndiye aliyekuwa akiwagombeza mafundi wengine kwa jambo hilo. "Donoa!" alikuwa akiwaambia. "Nani kakutuma kushona gunia?" Na sasa yeye mwenyewe alikuwa ameshona gunia. Paa la mkunga, lile la pekee, lilikuwa limejikunja mawimbi kuanzia kioo cha nyuma hadi karibu na katikati.

Alikuwa amekaa chini, mkono ameubana katikati ya magoti.

Maneno yalikuwa yamenijaa mdomoni, namna ninavyojijua, makali na yamepangwa foleni. Lakini nikautazama tena ule mstari, na nikaelewa. Kila nukta ina mwanzo wake. Na mwanzo ndipo mkono unapotetemeka. Alichofanya ni kuanza mara moja tu, akaegemeza kiwiko kwenye bodi, akauburuta moto hadi mwisho kwa sababu hakuwa na ujasiri wa kuanza tena. Nikauma ulimi. Niliuuma kwelikweli.

"Sema," akaniambia. "Nakujua. Sema tu."

"Nina njaa," nikasema.

Tukala. Hakugusa chochote mpaka nilipomwekea kijiko badala ya kutegemea vidole vyake, nikajifanya na mimi nataka kijiko. Kisha nikasimama, nikafunga kanga kiunoni vizuri, nikamwambia twende tukanyooshe.

"Kwa mkono gani?" akauliza.

Hapo ndipo nilipodanganya. Nikasogea hadi kwenye gari, nikapima kwa macho lile tundu la kioo cha nyuma tunaloingilia, nikajishika tumbo. "Mimi humo siingii tena. Nimenenepa. Ingia wewe, umebaki mifupa."

"Juzi uliingia."

"Juzi nilikuwa sijala."

Akanitazama. Mume wangu si mjinga, na uongo wangu haujawahi kuwa na nguo. Nikadhani atanuna, aniambie nisimwonee huruma, na hapo yangekuwa yamekwisha. Nikaongeza haraka, "Au unataka nikwame, uite majirani wanivute kwa kamba, nikupe aibu?"

Alijaribu kujizuia, lakini kicheko kilimtoka puani. Akainama, akaingia polepole, mguu mmoja kisha mwingine, akijipenyeza chini ya mabomba. Nikampitishia chuma. Akakipokea kwa mikono miwili.

Mimi nikaishika nyundo yake. Si kwamba sijawahi kupiga, nimepiga vitu vidogo vidogo, mabati ya kujifunzia, mlango mmojammoja yeye alipokuwa na homa. Lakini paa la mtu, tena la mwisho duniani! Nikapiga pigo la kwanza, likatoa sauti ya sufuria tupu.

"Hujanikuta!" akaita kutoka chini. "Niko huku. Sikiliza."

Akagonga kwa chuma kutoka ndani, taratibu, nami nikaifuata sauti. Nikapiga. Safari hii lililia kavu, chuma kwa chuma, na nikasikia uzito wake chini ya nyundo yangu, umetulia. Chuma kile ni kizito, na ukikikumbatia kwa mikono miwili ukakibana kwenye bati, hakuna nafasi ya kutetemeka. Hilo sikulijua kabla. Nilikuwa nimemwingiza ndani ili nimwondolee aibu, basi. Kumbe huko chini mkono wake ulikuwa umepata pa kushika.

"Legeza kifundo!" akafoka. "Unapiga nyoka?"

"Ala! Umeshakuwa mkubwa wa chini?"

"Legeza nimekwambia. Hapo. Tena. Sogea kushoto, bado kuna tumbo."

"Tumbo langu usilitaje."

Akacheka, na kicheko chake nilikisikia kwa nyundo kabla ya masikio. Tulitembea hivyo juu ya ule mshono, yeye akitangulia chini, mimi nikimfuata juu, tukiunyoosha kidogo kidogo pale ulipojikunja. Miaka yote hiyo nilikuwa namfuata nikidhani ni nyundo yake inayoongoza. Nilipokuwa juu ndipo nilipogundua kwamba aliye chini ndiye anayejua. Nilitaka kumwambia, nikaona atavimba kichwa, nikanyamaza tena. Mara ya tatu ndani ya wiki chache, majirani wangeshangaa.

Mawimbi yalipungua, yakawa mikunjo, na mwishowe ukipitisha kiganja huku umefumba macho ulikuwa huyahisi kabisa. Nilipiga msasa, nikapaka rangi ya msingi ya kijivu. Yeye alikata yale mabomba ya ndani, na milango ikafunga yote, klap, klap, kama siku ilipotoka kiwandani.

Mkunga alikuja asubuhi, amevaa nguo ya kutokea kana kwamba anaposwa. Alizunguka gari lake, akavua miwani, akaitumia mikono. Aliupapasa ukingo wa nyuma kwa muda mrefu, kwa vidole vya mtu aliyezoea kutafuta kwa kupapasa. Sisi tulisimama kando. Baba watoto alikuwa na mkono mfukoni, na mimi nilikuwa nimeshaandaa uongo wa pili iwapo ungehitajika, mkubwa kuliko wa kwanza.

"Fundi wangu," mkunga akasema, "mkono wako bado ni uleule."

Nikafungua mdomo. Nilikuwa naenda kusema ndiyo mama, ni uleule, tumshukuru Mungu. Lakini baba watoto aliutoa mkono mfukoni. Akauweka juu ya paa, kwenye ile rangi ya kijivu, mbele yetu sote, na kucha zake zikawa zinagonga bati taratibu bila yeye kutaka.

"Mkono wangu ndio huu, mama," akasema. "Aliyepiga ni mke wangu."

Mkunga hakusema pole. Aliuchukua ule mkono, akaushika kwa mikono yake miwili namna alivyoshika mikono ya wanawake wengi wa mtaa huu, akamwambia aende kwa daktari wiki hii, si wiki ijayo, na yeye mwenyewe atatupeleka kwa gari lake. Mume wangu, mvuka barabara, akaitikia kama mtoto. Mimi macho yalikuwa yamenijaa, nikasingizia vumbi la msasa.

"Na nina jirani," mkunga akaendelea, bado kamshika, "mlango wa gari lake umebonyea. Nimlete kwako?"

Baba watoto akanielekezea kidevu.

"Nyundo ni yake, muulize yeye," akasema. "Mimi nitakuwa ndani, nimemshikia."