Hema Kwenye Jiwe la Mizigo

Jumamosi, tarehe 9 Julai 1994. Asubuhi kuna ukungu mzito, manyunyu kidogo, na baridi ya kipupwe.

Hivyo ndivyo nilivyoandika kwenye daftari, kwa kuwa mwalimu wetu wa masomo ya jioni alitufundisha kuanza ripoti kwa tarehe na hali ya hewa. Nilikuwa na miaka arobaini na mitatu, na hiyo ilikuwa ripoti yangu ya kwanza. Aliyenituma ni Allen, kijana ambaye shirika lililomwajiri lilifungwa, naye akafungua kampuni ya utalii katika chumba kimoja kule Kihonda. Alitaka mahali pazuri pa wageni kupiga kambi milimani.

"Nipatie mahali ambapo nikifika sitataka kushuka," aliniambia, "na kazi ni yako."

Tangu niachishwe kiwandani, nilikuwa naomba kazi kila siku kwa rozari.

Nilizunguka milima ya Uluguru siku nne. Kila mahali nilipiga magoti kwanza, nikajaribu kusali. Penye upepo maneno yalitawanyika. Karibu na maporomoko sikuisikia sauti yangu. Ijumaa jioni nikafika kwenye kiwanja kidogo cha nyasi kando ya njia. Ukingoni palikuwa na jiwe refu, bapa juu, lililonifika kifuani. Mji wote wa Morogoro ulikuwa chini yangu, mdogo kiasi cha kufunikwa kwa kiganja. Pale sala ilikuja yenyewe. Nikasimamisha hema, nikafunga kamba zake kwenye jiwe, nikalala usingizi nisioukumbuka tangu utotoni.

Sasa, baada ya kuandika hali ya hewa, nilichungulia nje. Ndani ya ukungu niliona matenga ya ndizi na kabichi yakielea hewani, bila watu. Nikafanya ishara ya msalaba. Kisha chini ya matenga zikatokea khanga, kisha nyuso. Walikuwa wanawake watano wakishuka sokoni. Walisimama wakilitazama hema, mizigo kichwani. Nilidhani wanalistaajabia, nikafurahi.

"Shikamoo, mama," nilimwambia aliyetangulia, mtu mzima kuliko wote.

"Marahaba, mwanangu. Nyumba nzuri. Ila umeijenga juu ya meza yetu."

"Wekeni mizigo chini, mpumzike."

Wakacheka.

"Tukitua chini, nani atatutwika?" aliuliza mwenzake mmoja. "Wewe? Na vidole hivyo vya kushikia kalamu?"

Ndipo nikaelewa. Kwenye jiwe lile mwanamke huinama kidogo tu, akasogeza tenga kutoka kichwani, na akimaliza kupumzika hujitwika mwenyewe.

"Mtoto wa nani wewe?" mama yule akauliza.

"Wa Martina. Tulihamia mjini nikiwa mdogo."

"Martina wa ndizi? Alikuwa akitua hapa, wewe mgongoni unakoroma."

Nilifungua kamba, ingawa Allen, tuliyepatana anifuate Jumamosi hiyo kwa njia ile ile, alikuwa njiani. Wakatua mmoja mmoja, kimya, wakikaa kuelekea mjini kama watu walio kanisani.

Allen alitokea akihema, begi kubwa mgongoni. Hakusalimia. Alirudi kinyumenyume mpaka kwenye jiwe, akaegesha begi lake kati ya matenga, akafumba macho.

"Hapa hapa," alisema. "Sishuki tena."

"Bwana mkubwa naye katua," mama akasema, wakacheka tena.

"Si hapa, bosi," nikamwambia, nikamweleza kazi ya jiwe lile.

"Kaka Dominiko, kazi unaitaka au huitaki?"

"Naitaka sana. Lakini si hapa."

Alipapasa jiwe. Lilikuwa laini kama sabuni iliyotumika. Akatazama matenga pande zake mbili, kisha begi lake. Ukungu ulifunguka kidogo, mji ukaonekana, ukafunikwa tena.

"Nakupa mpaka Jumamosi ijayo," alisema hatimaye. "Usipopata pengine, nitamtafuta mtu mwingine. Na hawa umewaahidi nini?"

"Bado sijawaahidi kitu."

"Waambie, nami nisikie."

Nilivua kofia. Wanawake wakanigeukia.

"Mimi Dominiko, mtoto wa Martina, naahidi mbele ya Mungu na mbele yenu nyote: kwenye jiwe hili sitafunga kamba tena, wala sitamleta mtu wa kuifunga, hata nikiikosa kazi."