Ngumi ya Shemeji

Kwenye ukuta wa saluni yangu kuna picha moja iliyokatwa gazetini. Mke wangu ndiye aliyeibandika, juu kabisa ya kioo, kwa gundi ya kudumu, ili nisije nikasingizia kwamba imeanguka. Ni picha ya mdogo wake, yaani shemeji yangu, akishangilia bao, mdomo wazi, gongo juu. Ukiangalia vizuri pembeni kushoto utaona kiatu. Hicho kiatu ni mimi.

Mteja akikaa tu kitini, hata shuka sijamfunga shingoni, anaanza. "Wewe si ndiye shemeji yake Kombora?" Najibu ndiyo, halafu nawasha mashine ili kelele ifunike yanayofuata. Miaka kumi na minne nimecheza ligi ya taifa ya mpira wa magongo, klabu hiyohiyo moja ya Mafundi, sijawahi kuhama, sijawahi kugoma, na jina langu mjini ni shemeji yake fulani.

Nieleze kazi yangu, maana hata majirani zangu hawaijui. Timu ikifanya kosa ndani ya duara la goli lake, refa anawapa wapinzani kona fupi. Hapo mtu mmoja anasimama kwenye mstari wa mwisho, hatua kama kumi kutoka kwenye nguzo ya goli, anausukuma mpira kwa gongo mpaka nje ya duara. Wa pili anautuliza. Wa tatu anapiga, na huyo wa tatu ndiye anayebebwa mabegani. Mimi ni yule wa kwanza. Mpira wangu unatakiwa uende chini, kwa kasi, bila kudunda, ufike kwenye gongo la mwenzetu anayetuliza, ambaye kwa kazi yake ni fundi bomba, asihangaike hata kusogeza mguu. Na unafika. Wenzangu wananiita Kona kwa sababu hiyo. Lakini katika miaka yote hiyo sijafunga bao la ligi hata moja, hata la kubahatisha.

Shemeji alikuja kukaa kwetu akiwa na miaka kumi na mitano, begi moja la nailoni na miguu mirefu isiyojua pa kwenda. Kumfundisha nilimfundisha mimi. Tulianzia kwenye korido, kwa mpira wa tenisi, tukavunja glasi za harusi za dada yake, na lawama nikabeba mimi. Nilimshika mikono, nikamwonyesha jinsi ya kuuburuta mpira kwenye gongo kabla ya kuurusha. Siku hizi akihojiwa redioni anasema, "Kwanza namshukuru shemeji yangu," na mtangazaji anamkatiza kwenda kwenye matangazo. Sijui kwa nini jambo hilo linanikera kuliko kama asingenitaja kabisa.

Nilimwonea wivu. Sitazunguka mbuyu kwa hilo. Nilimwonea wivu akila mezani kwangu, akicheka na wanangu, akivua viatu mlangoni. Binti yangu wa mwisho aliandika namba tisa kwenye mkoba wake wa shule kwa kalamu isiyofutika. Tisa ni namba ya mjomba wake. Mimi navaa kumi na nne. Nilipomuuliza kwa nini, alinitazama kama mtu niliyemuuliza kwa nini anavaa viatu. "Baba, mjomba ndiye anayefunga." Nikajikaza kisabuni, nikamwambia mkoba umependeza.

Basi msimu huu ukafika siku ya mwisho, sisi Mafundi dhidi ya timu ya Maafisa. Tukishinda, kombe letu. Tukitoka sare, kombe lao. Juu ya hapo, Kombora alikuwa na mabao kumi na nane, sawasawa na mshambuliaji wao mmoja, na mfungaji bora wa ligi hupewa gongo la dhahabu. Bao moja tu lilikuwa linamtenganisha nalo. Mke wangu alishaliandalia nafasi kwenye kabati la sebuleni. Ili nafasi ipatikane, picha yetu ya harusi ilihamia chumbani. Nilipita pale mara tatu siku hiyo, na kila nikipita roho iliniuma upya.

Nilikuwa nimeshasema kwamba hiyo ndiyo mechi yangu ya mwisho, magoti yamekataa. Kwa hiyo Alhamisi, mazoezini, nikamwomba kocha jambo ambalo nimemwomba tangu nina nywele za kutosha: kona fupi ya kurudisha. Nasukuma mpira kama kawaida, fundi bomba anautuliza, kila mtu anamkimbilia Kombora, na badala ya Kombora kupiga, mpira unarudishwa kwangu pale karibu na nguzo, mimi nafunga. Kocha, mwalimu mstaafu wa hesabu, akakuna kidevu. Shemeji ndiye aliyesema, "Kocha, tujaribu, tutapoteza nini?" Moyoni nikasema, tazama, sasa ananihurumia.

Tukakubaliana ishara. Kombora akiweka kidole kimoja pajani, anapiga mwenyewe. Akikunja ngumi, mpira unarudi kwangu. Tulijaribu mara nne, nikafunga mara tatu. Kocha akasema tutaona. Miaka kumi na minne nimemsikia huyo mzee akisema tutaona.

Siku ya mechi, mpaka dakika ya mwisho tulikuwa sare ya bao moja kwa moja. Bao lao alikuwa amelifunga beki, na letu fundi bomba, kwa ncha ya gongo, hata yeye hakuamini. Kisha beki wao akazuia mpira kwa mguu ndani ya duara, refa akanyoosha mikono kuelekea golini. Kona fupi. Saa ikaisha palepale, lakini sheria inasema kona ikishatolewa lazima ichezwe. Mpira mmoja, halafu ligi imekwisha.

Nikaenda kwenye mstari na mpira wangu mkononi. Jukwaa zima lilikuwa likiita jina la Kombora. Katikati ya sauti zile nikaisikia ya mke wangu, ambayo naijua hata sokoni. Naye alikuwa anamwita mdogo wake. Hakuniita mimi. Nikaweka mpira chini, nikaona lile pengo kwenye kabati, nikaona mkoba wa binti yangu, nikaona kiatu changu kwenye picha mpya, kubwa zaidi, na wateja wakinisimulia bao ambalo mpira wake niliusukuma mimi. Nikajisemea, leo hapana. Leo utakaa bila gongo la dhahabu, na sisi wote tutakaa bila kombe, na mimi nitalala.

Kila kona, kabla ya kusukuma, huwa nainua macho kuangalia mkono wa mpigaji. Kila kona, tangu nianze. Safari hii sikuinua, kwa sababu nilijua ni kidole kimoja, siku zote ni kidole kimoja, na kwa sababu sikutaka kuona uso wake.

Nikalegeza kifundo cha mkono kidogo tu, kiasi ambacho mtu wa jukwaani hawezi kukijua. Mpira ukaondoka ukidunda. Ukampita fundi bomba hatua mbili kushoto, akajirusha, akaukosa, ukaenda zake mpaka katikati ya uwanja. Refa akapuliza filimbi. Maafisa wakaanza kurukiana.

Hapo ndipo nikainua macho. Kipa wao alikuwa amelala chini mbali kule, miguuni pa Kombora. Mabeki wao wote walikuwa wamemkimbilia yeye. Kati yangu na goli hapakuwa na mtu, hata wa dawa. Na shemeji yangu alikuwa bado amesimama vilevile, mkono wa kushoto pajani, vidole vyote vimekunjwa.

Chumba cha kubadilishia nguo kilinuka dawa ya misuli na hakuna aliyekuwa akivua viatu. Kocha ndiye aliyelipuka, na hakunilipukia mimi. Alimgeukia Kombora.

"Nani alikutuma ukunje ngumi dakika ile? Bao moja tu ulikuwa unalihitaji. Moja."

"Nilitaka afunge yeye," Kombora akasema. "Ni mechi yake ya mwisho. Mimi nina misimu mingine."

"Sasa umeona?"

"Kosa ni langu, kocha. Nilimshtukiza."

Fundi bomba akaja kukaa karibu nami, akaniwekea mkono begani. "Pole, Kona. Presha tu hiyo. Mtu amesubiri bao miaka yote hii, halafu analetewa ghafla namna ile, hata mimi ningetetemeka." Wenzangu wakaitikia, mmoja mmoja, kweli, kweli. Mdomo wangu ulikuwa wazi kabisa, tayari kusema. Nikainamia kamba za kiatu.

Gongo la dhahabu lilichukuliwa na yule wa Maafisa, maana mabao yakilingana hupewa mchezaji wa timu bingwa. Nyumbani, mke wangu aliitoa picha ya harusi chumbani na kuirudisha kwenye kabati, halafu akanipakulia chakula mimi kwanza, kabla ya mdogo wake, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Binti yangu akaniuliza kama mikono bado inatetemeka. Shemeji alikaa mbele yangu akala, na mimi nilimwonea wivu kuliko siku zote, maana mimi nisingemkunjia ngumi. Ningekuwa mimi ndiye mwenye mabao kumi na nane, ningeweka kidole.

Siku hizi mteja akikaa kitini anaitazama ile picha, kisha ananitazama mimi kwenye kioo. "Ndiye wewe uliyepewa bao na Kombora, ukatetemeka?"

Najibu ndiyo, nilitetemeka. Halafu nawasha mashine.