Machozi ya Nelly

Lori liliondoka kwa mara ya saba likimchukua mama wa kuigiza, na kwa mara ya saba Nelly akacheka.

"Kata!" Telesia, mwongozaji wa filamu, alipaza sauti hadi koo likamkwaruza. Tangu asubuhi upepo wa Makambako ulikuwa ukimjaza vumbi mdomoni, na sasa mtoto wa miaka minane aliyetakiwa kulia alikuwa amejishika mbavu.

"Dereva anatikisa kichwa kama bata," Nelly alijitetea.

Mzee Halfan, mwenye lori na mwenye kamera, alimvuta Telesia kando. "Mwanangu, tutakesha hapa? Mwambie kwamba mama yake mzazi amepata ajali. Atalia mwenyewe. Tukimaliza tutamwambia ulikuwa utani."

Telesia alimkodolea macho. Mwaka 1986, wapiga filamu walipofika Mjimwema, mtoto wa kuigiza alikuwa yeye. Mwongozaji aliyechoshwa na macho yake makavu alimnong'oneza kwamba mama yake, aliyekwenda Lugarawa kujifungua, amefariki. Alilia kilio kilichosifiwa Njombe nzima. Mama aliporudi siku ya tatu na kichanga mgongoni, Telesia alimkimbia akidhani ni mzimu, na watu wakaangua kicheko. Sifa za kilio kile ndizo zilizomfikisha nyuma ya kamera. Miaka kumi na saba ilikuwa imepita, na jambo hilo lilikuwa bado linamkereketa kama mwiba wa samaki kooni.

Hata hivyo, jua lilikuwa linakwenda na uvumilivu ulikuwa umemwishia. Alimwita mtoto.

"Nelly, mama yako..."

Nelly aliinua uso, kicheko kikamkatika ghafla. Telesia aliutazama uso ule ukingoja, naye akaona haya.

"Mama yako akisafiri," alisema hatimaye, "wewe hufanya nini?"

"Nafagia uwanja."

"Kwa nini?"

"Akirudi akute pasafi. Hata kama hajasema lini."

Telesia aliazima ufagio kwa mama ntilie wa jirani, akampa. Lori likaondoka tena. Nelly akainama, akaanza kufuta alama za magurudumu, moja baada ya nyingine, bila haraka.

"Sasa watu watajuaje kama ana huzuni?" Mzee Halfan alifoka.

Telesia alimwonyesha Nelly kwa kidole. Mtoto alikuwa ameumaliza uwanja, amefika barabarani ambako hakuna aliyemtuma, na alikuwa bado anafagia.