Nesi Aliyekosekana Kwenye Uhakiki

Watumishi wa serikali katika kata zote za hifadhini walikuwa wameshahakikiwa, isipokuwa mmoja: Cresensia Hhando, nesi wa zahanati iliyo ng'ambo ya Kakesio. Laurencia, afisa utumishi aliyetumwa kutoka mkoani, alikuwa amempigia simu mpaka amechoka. Haikuita.

"Asipoonekana mpaka kesho jioni, mshahara unasimama," bosi wake, Richard, alimwambia kwenye simu. "Mtumishi asiyeonekana ni hewa."

Laurencia alikuwa Karatu mjini, anakula chipsi mayai, viatu kavivua chini ya meza.

"Basi nitamfuata huko huko, mkuu," akasema, kisha akajishangaa mwenyewe.

Asubuhi akaondoka na dereva wake, Nikolaus, ambaye aliijua ile barabara na hakuipenda. Ukingoni mwa kreta ukungu ulikuwa mzito, na nyati mmoja akasimama mbele ya gari kama anayeomba lifti. Endulen walikunywa chai. Kuanzia hapo ilikuwa tope na mashimo, na Nikolaus akaacha kupiga stori.

Walipofika, zahanati ilikuwa imefungwa. Laurencia alilitikisa kufuli. Kumbe kweli, aliwaza. Mtu kajikalia kwao Mbulu, mshahara unaingia tu. Akaupiga picha ule mlango.

Mzee aliyekuwa akipita na mbuzi wake alisimama kuwatazama. Jina lake Metui.

"Mnamtafuta nesi? Yuko kwa mama Resiato, boma lile pale. Hatoki nje."

"Anaumwa?" Laurencia akauliza.

"Haumwi." Metui akacheka. "Nenda ukaone, mama. Dereva abaki hapa na mimi."

Ndani ya nyumba ya Resiato kulikuwa na giza na moshi. Laurencia alisimama kidogo mpaka macho yakazoea. Hapo ndipo alipomwona mwanamke ameketi kitandani juu ya ngozi, kikombe cha supu ya kondoo mkononi, na kifuani kitoto kichanga kimelala fofofo.

"Cresensia?"

"Ndiyo, dada. Karibu."

"Naitwa Laurencia. Nimetoka kwenye uhakiki."

"Mungu wangu, uhakiki!" Cresensia alitaka kusimama. Resiato, bibi mrefu mwenye shanga shingoni, akamrudisha chini kwa mkono mmoja.

Cresensia alikuwa amejifungua wiki ile. Likizo ya uzazi aliomba mapema, akaambiwa asubiri apatikane wa kushika nafasi yake, hakupatikana. Mume wake, dereva wa watalii, alikuwa aje kumchukua ampeleke Karatu, lakini mtoto aliwahi, na mvua ikakata njia.

"Sasa nani alikuzalisha?"

"Si huyu hapa yeyo wangu, mama yangu wa huku." Cresensia alimtazama Resiato. "Mwaka mzima nawakataza akina mama wasizalie kwake, waje zahanati. Zamu yangu ilipofika, zahanati ilikuwa mimi mwenyewe. Niliogopa, dada. Alinishika mgongo, akaniambia nesi, leo wewe nyamaza, sukuma."

Laurencia alicheka, na hapo hapo machozi yakamlengalenga. Alikumbuka ile picha ya mlango, akatoa simu na kuifuta.

Lakini kazi ilikuwa bado. Mashine ya alama za vidole ilihitaji mtandao, na mtandao ulipatikana juu ya kilima tu. Resiato akakataa katakata: mzazi hapandi gari. Cresensia akambembeleza kwa Kimaasai, Laurencia naye kwa Kiswahili, mpaka akakubali kwa sharti moja, naye aende. Akakaa mbele karibu na Nikolaus, na kila shimo akampiga begani. "Polepole! Umebeba mtu!"

Kilimani mashine ikakataa kidole cha kwanza. Ikakataa na cha pili. Ngozi ilikuwa imechubuka kwa dawa za kuoshea vifaa. Cresensia alikuwa ameanza kulia kimyakimya, ndipo Resiato akachovya kitambaa kwenye maji, akamsugua kidole gumba kama anayemwogesha mtoto. Mashine ikalia tii! Nikolaus akapiga honi, kitoto kikaamka na kupiga kelele.

Laurencia akampigia Richard.

"Yupo, mkuu. Amejifungua."

"Ahaa, hongera yake. Hebu ngoja. Si ndiye nesi peke yake huko? Nani alimzalisha?"

"Jirani. Mkuu, kwenye ripoti yetu zahanati hii itasomeka mtumishi mmoja, yupo, imekwisha. Atakayesoma ataona mambo ni sawa. Mimi naomba tuandike na wanaokosekana."

"Tumetumwa kuhesabu waliopo, Laurencia."

"Najua, mkuu."

Upepo ulivuma kwenye simu. "Andika," Richard akasema mwishoni. "Andika na kilichotokea. Nitaipeleka mwenyewe."

Haikuwa haraka. Cresensia alipata likizo yake kwanza, akaenda Karatu kwa mumewe. Kitoto kilikuwa kimeshaanza kukaa, naye amesharudi kazini, ndipo alipopangiwa mwenzake, kijana wa Singida aitwaye Noel, aliyeshuka kwenye lori na begi na godoro. Resiato alikuwepo. Alimtazama kuanzia viatu mpaka kichwani, akamgeukia Cresensia.

"Huyu naye anajua kuzalisha?"

"Amesomea, yeyo."

"Haya," Resiato akasema, akabeba godoro la mgeni kichwani na kutangulia njia. "Aje kwanza anywe maziwa."