Mstari Ulioomba Radhi

Vumbi la Agosti halibishi hodi Mpanda. Linaingia saluni kwa Theopista kwa chini ya pazia, linakaa juu ya vioo, linakaa kwenye makopo ya mafuta ya nywele, linakaa katikati ya herufi za laptopu ya Gaudiose. Na mwanga wa saa nane mchana ukilipiga, kila chembe inang'aa kana kwamba ina jambo la kusema.

Gaudiose alilipuliza, akakaa. Kona ile ilikuwa yake: kiti cha plastiki, soketi moja ya umeme, mtandao usiokatika ovyo. Laptopu ilikuwa kuukuu. Kaka yake Arcade ndiye aliyemwachia alipohamia Tabora. Betri imekufa, feni inakoroma, na kuiwasha kunachukua muda wa Theopista kusuka mistari miwili kwenye kichwa cha mteja.

Kazi aliyopewa ilikuwa ndogo. Watu wa nchi nyingi, wasiojuana hata kwa sura, walikuwa wakitengeneza pamoja kiunzi cha kujengea tovuti. Kiunzi hicho kina chombo chake cha amri: unafungua kidirisha cheusi, unaandika maneno mawili, nacho kinakuandalia mafaili yote ya kuanzia. Ndani ya chombo, katikati ya mistari ya programu, waliotangulia walikuwa wameacha komenti, maneno ambayo kompyuta inayaruka bila kuyasoma, ya mtu kumwambia mtu: hapa nilifanya hivi, kwa sababu hii. Komenti zilikuwa zimezeeka. Nyingine zimepinda, nyingine zimekosewa herufi, nyingine zinaeleza mambo yaliyoondolewa zamani. Gaudiose azinyooshe, azipange. Basi.

"Kwa hiyo unafagia," Theopista alisema, kitana mdomoni.

"Nafagia. Ila nasoma kwanza kabla sijatupa."

Na kusoma ndiko alikokupenda. Huyu aliandika kwa hasira. Huyu alikuwa na haraka, hakumaliza hata sentensi. Huyu alikuwa mpole, kila mstari kaufunga kwa nukta. Hakuna sura, hakuna sauti, lakini watu walikuwamo mle ndani, wamekaa kimya, wanangoja mtu wa kupita.

Jumanne akakutana na mmoja ambaye hakuweza kumpita. Alikuwa ameacha mstari wa amri, wa kukifanya chombo kisimame nusu sekunde. Juu yake kulikuwa na maneno ya Kiingereza, ambayo kwa Kiswahili yangekuwa hivi: *Usifute. Sijui kwa nini inahitajika. Bila hii hakuna kinachofanya kazi. Samahani.*

Samahani. Nani alikuwa anamwomba nani radhi? Aliyeandika alikuwa ameandika miaka sita iliyopita, na akaunti yake ilishafungwa. Gaudiose aliyasoma maneno yale mara tatu. Alitaka kujua.

Akamwandikia Cyriaque, msimamizi wa mradi. Cyriaque ni Mrundi anayeishi ng'ambo. Hawakuwahi kuonana, ila tangu alipoliona jina la Gaudiose, jina la kwao, waliandikiana Kiswahili.

"Futa, dada," Cyriaque alijibu. "Mstari pamoja na komenti yake. Kwangu kinaenda vizuri bila huo. Toleo jipya linatoka Ijumaa na watu wanalalamika chombo ni kizito."

Akafuta. Akakijaribu. Kidirisha kikaandika kwamba faili la mipangilio, mojawapo ya mafaili ambayo chombo chenyewe huyaandaa, halipo, kikasimama.

Akafungua folda. Faili lilikuwepo.

Akajaribu tena. Halipo. Akafungua folda. Lipo.

Faili gani hili, ambalo chombo kikilitafuta halionekani, na yeye akilitafuta linaonekana?

Angeweza kunyamaza. Huu ulikuwa mchango wake wa kwanza, na yeye ni nani, mtoto wa wakulima wa Kabungu, amwambie msimamizi kwamba kakosea? Lakini alikumbuka mwaka wake wa kwanza wa kujifunza, ujumbe mmoja kama huu, na wiki nzima aliyolia akiamini kwamba mjinga ni yeye. Ijumaa chombo kitatoka. Jumamosi mtu mahali fulani, mwenye mashine kuukuu, ataandika maneno yale mawili kwa mara ya kwanza maishani, na kidirisha kitamwambia halipo. Naye ataamini.

Gaudiose alitaka kujua. Alijaribu, akajaribu, mpaka jasho likamshuka. Halafu, feni ilipotulia kidogo, akasikia kitu. Au alidhani amesikia.

"Theopista, zima draya."

"Nizime? Lucia yuko nusu kichwa!"

"Dakika moja tu, dada. Naomba."

Lucia, muuza mchele wa sokoni, akiwa na upande mmoja umenyooka na upande mmoja umesimama wima, akasema, "Mzimie bwana. Na mimi nataka kusikia."

Draya ikazimwa. Saluni ikawa na utulivu ambao haijawahi kuwa nao. Gaudiose akainama, akaweka sikio juu ya laptopu, akabonyeza.

Kidirisha kikaandika: halipo. Na chini ya sikio lake, baada ya neno hilo, diski ikaendelea. *Kwaru, kwaru, kwaru.* Kama kuku anayechakura.

"Bado inaandika," alinong'ona. "Jamani, bado inaandika! Kinasema halipo, kumbe halijafika tu."

Lucia naye akaleta sikio. Theopista akaleta la kwake. Vichwa vitatu juu ya mashine moja.

"Hiyo sauti?" Lucia aliuliza. "Hiyo si panya?"

"Ni diski, pale mashine inapohifadhia mafaili. Diski ya zamani, inazunguka. Mashine za kisasa zinaandika haraka, hata hazina sauti. Ndiyo maana wao hawaoni kitu." Akainua kichwa. "Na aliyeandika samahani alikuwa na mashine kama hii."

Akarekodi kwa simu. Sekunde kumi na moja za kwaru kwaru, na kikohozi kimoja cha Lucia. Akamtumia Cyriaque, akaeleza.

Jibu halikuja siku hiyo. Wala kesho yake asubuhi. Gaudiose aliendelea kunyoosha komenti nyingine, nafasi hapa, herufi pale.

Adhuhuri simu ikaita mlio wa ujumbe. "Nimesikiliza mara nne," Cyriaque aliandika. "Umenirudisha mbali, dada, kwenye mashine yangu ya kwanza. Tusingoje kwa kubahatisha. Nitakibadilisha chombo kilisubiri faili mpaka lionekane. Komenti andika wewe."

Akaiandika nusu siku. Akafuta, akaandika, akafuta. Mwisho ikabaki sentensi mbili: *Diski za zamani huchelewa kumaliza kuandika, na watu wengi bado wanazitumia. Subiri faili lionekane, ndipo uendelee.*

Ijumaa toleo likatoka. Gaudiose akalishusha, akaandika maneno yale mawili, na saluni nzima ikangoja bila kuombwa. Diski ikachakura, ikachakura, ikatulia. Kisha ukurasa mweupe ukafunguka, na katikati yake neno moja kubwa, *Karibu*, kwa sababu alikuwa amechagua Kiswahili.

Theopista alilisoma kwa sauti. Akalitazama muda mrefu, mikono yake ikiwa bado na mafuta.

"Hilo neno," alisema, "ningetaka lisomeke Karibu Saluni, unalibadilishia wapi?"

Gaudiose akamwonyesha kwa kidole.

Theopista akajifuta mikono kwenye kanga, taratibu, kidole kimoja baada ya kingine. Akavuta kiti cha wateja mpaka kona.

"Sogea," alisema. "Usinifanyie. Niache niandike mwenyewe."