Kilio Pangoni

Akina mama walikuwa wakitandaza majani makavu kwenye pango la Noeli pale sanamu ya Mtoto Yesu ilipoanza kulia. Wakadhani ni paka, wakachungulia chini ya mabenchi. Paroko akaitwa. Aliigusa sanamu shavuni: plasta ilikuwa ya baridi, machozi yalikuwa ya moto. Akasema wamalizie kwanza kufunga mapazia.

Kesho yake ilikuwa bado inalia. Mwenyekiti wa akina mama, mjane aliyelea watoto wa ndugu zake wote, aliibeba, akaibembeleza, akaipigapiga mgongoni. Maziwa ya chupa yaliishia kidevuni. Waliokuja kuungama walilazimika kupaza sauti, kwa hiyo wengi wakaahirisha dhambi zao. Majirani walikosa usingizi, wakawa wakali kwa mambo madogo. Mpiga kinanda alifanya mazoezi masikio yamezibwa kwa pamba, akakosea, akaanza upya, akakosea palepale. Hakuna aliyeuliza kwa nini sanamu inalia. Waliuliza itanyamaza lini.

Ng'ambo ya barabara, kwenye duka la dobi, binti wa kaka yake mwenyekiti alikuwa akipiga pasi, mwanawe mchanga mgongoni. Zamani watu walimwita Chiriku, kwa kuwa ndiye aliyeongoza sauti ya kwanza katika kwaya. Tumbo lilipoanza kuonekana, shangazi yake huyohuyo alimwambia avue joho. Tangu siku hiyo hakuvuka ile barabara.

Mchana mmoja, kilio kilipomfikia tena, maziwa yalimtoka yenyewe yakalowesha blauzi. Akazima pasi, akavuka. Aliketi kwenye ngazi ya pango, akaipakata sanamu, akainyonyesha. Sanamu ikanyonya, ikacheua kidogo, ikalala. Kanisa likatulia mpaka nzi wakasikika.

"Basi Noeli utakaa nayo nyuma ya pazia," shangazi akasema. "Watu wasikuone."

"Nitakaa, shangazi. Na huyu wangu atabatizwa lini?"

Paroko akakohoa. "Baba yake aje kwanza, binti. Utaratibu ndio huo."

"Hayuko mbali, Padre. Ndiye yule anayefungua kurasa."

Wote wakatazama kwingine. Mpiga kinanda aliendelea kufungua kurasa, sasa upesi zaidi.

"Tusiwaharibie watu sikukuu," shangazi akasema kwa upole, kama mtu anayeomba apitishiwe chumvi.

Chiriku alitaka kuilaza sanamu kwenye majani aende zake. Alipoishusha tu, ikaanza kukunja uso. Akashindwa. Akaipandisha tena begani, akarudi nayo dukani.

Asubuhi ya Noeli kanisa lilifurika hadi nje. Nyuma ya pazia la buluu Chiriku aliketi kwenye kigoda, watoto wawili kifuani, mmoja kila upande. Wimbo ulipofika pale panapopanda, sauti ya kwanza ikapwaya, naye bila kukusudia akaidaka, akaipeleka juu mpaka darini. Waumini wakaligeukia pango, wakapiga ishara ya msalaba. Katika mahubiri Paroko aliwashukuru malaika. Mpiga kinanda hakukosea hata mara moja, na baada ya misa akina mama walimzawadia shati.

Pango lilipobomolewa, sanamu ilikataa kuingia sandukuni. Ikaamuliwa ikae kwa dobi mpaka Majilio yajayo, kwa kuwa pale ilikuwa imeshazoea.

Jumapili ya Ubatizo wa Bwana, mapema, shangazi alikwenda kuchukua nguo nyeupe za watoto waliokuwa wanabatizwa siku hiyo. Chiriku alikuwa amezipiga pasi zote, mpaka lesi za shingoni. Ndani ya kapu, mwanawe na sanamu walikuwa wamelala chali, wamefunikwa shuka moja.

"Imenenepa," shangazi akasema.

"Inanyonya vizuri."

Shangazi akapiga magoti, akaubusu mguu wa sanamu, akakaa hapo kitambo midomo ikimchezacheza kwa sala. Yule mtoto mwingine akaamka, akaunyoosha na wake.

Shangazi akainuka. Akazibeba zile nguo juu ya mikono yote miwili zisikunjike, akamwomba Chiriku amfungulie mlango.